Bosi wangu kanisifu au kanitukana?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tanga, naishi Ngamiani na mama yangu. Nilisomea mambo ya bahari, na nilipotoka chuo nikapata mkataba kwenye mradi mmoja wa utafiti wa uvuvi. Kazi yangu ilikuwa dikoni. Mashua ikifika tu, nami nishafika, niwawahi samaki kabla hawajaingia mnadani. Huyu changu, huyu pono, huyu tasi. Namlaza kwenye ubao wa kupimia, nasoma urefu kuanzia mdomoni mpaka kwenye panda ya mkia, namtia kwenye mizani, naandika. Halafu namuuliza nahodha walitoka saa ngapi, wamevua kwa nyavu, mshipi au madema, na walikuwa wangapi chomboni.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kivulini. Wavuvi hawakunitaka hata kidogo. Walisema mimi ni jasusi, leo napima samaki, kesho nawaletea watu wa ushuru. Kulikuwa na wanaofunika matenga yao wakiniona, na mmoja aliwahi kunimwagia maji ya samaki miguuni, watu wakacheka. Niliosha miguu baharini nikaenda chombo cha pili. Kesho yake nikarudi. Nikajifunza kutanguliza salamu na kuchelewesha daftari, nikawa nasaidia wachuuzi kuhesabu mitungo yao, aliyenikataa asubuhi namfuata tena mchana. Mwishowe walinizoea, na yule wa maji ya samaki akawa ndiye anayeniita: "We mtoto, lete kibao chako, leo nina kolekole."

Bosi wangu ni Mwingereza, mtu mzima, si msemaji. Mkataba ulipoisha nikamwomba barua ya kunipendekeza kwa ajili ya kazi niliyoiona imetangazwa Dar es Salaam. Akaniandikia. Amesema mimi ni mwaminifu na nawahi kazini, halafu akaweka sentensi hii: "She was dogged in collecting catch data, even on days when nobody wanted to talk to her." Kuhusu ripoti za kila mwezi nilizokuwa nikitengeneza kwenye kompyuta hakusema kitu.

Nyumbani kwetu barua yoyote ya Kiingereza hupelekwa kwa mjomba, maana alikuwa karani bandarini enzi zake. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. Akasema: "Hii ni dog, mbwa. She was dogged, maana yake alifanywa mbwa." Shangazi, unajua neno hilo lilivyo kwetu. Mama alisema audhubillahi, halafu akanigeukia mimi: "Nilikwambia ubishi wako utakuponza. Hata mzungu kauona." Tangu nikiwa mdogo naambiwa mbishi, king'ang'anizi, na kwamba hakuna mwanamume atakayekaa na mwanamke asiyejua kuacha jambo.

Nimetafuta kwenye simu. Kamusi moja imenipa "mkaidi", nyingine "mvumilivu". Bosi ameniandikia kuuliza kama barua imenifikia, sijamjibu, sina moyo. Maombi yanafungwa Ijumaa. Nimwambie alifute neno hilo? Nimtafute mtu mwingine aniandikie? Na mjomba nimwambie nini?

Mpima samaki, Tanga

---

Marahaba mwanangu.

Tuma barua. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ya Ijumaa yako. Ukishatuma, rudi usome yaliyobaki.

Bosi wako kakusifu, tena si sifa ya kuokoteza. Sentensi yake inasema kwamba ulikusanya takwimu za samaki bila kulegea, hata siku ambazo hakuna aliyetaka kusema nawe. Mtu aliyekaa ofisini asingejua habari za siku hizo. Inaonekana alikuwa akifuatilia, au wavuvi wenyewe walimsimulia. Barua nyingi za kupendekeza nilizowahi kusoma zimejaa maneno mepesi, mchapakazi, anashirikiana vizuri na wenzake, ambayo ungeweza kuyabandika kwa mtu yeyote. Yako ina jambo moja lililotokea kweli dikoni, na wanaoajiri hulitafuta hilo.

Sasa tuje kwa mjomba, maana hakukosea kote. Neno "dogged" kweli limetokana na mbwa, na Waingereza nao zamani walilitumia kwa ubaya. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliliandikia maana za mtu aliyenuna, mwenye hasira za ndani, uso umekunjamana. Hakuweka hata tone la sifa. Lakini mwaka 1773 Johnson huyohuyo alikuwa safarini Uskoti na rafiki yake Boswell, watu wakawa wanazungumza kwamba mwandishi ana saa zake za kuandika na saa nyingine hawezi. Johnson akasema mtu anaweza kuandika saa yoyote, mradi aikalie kazi hiyo "doggedly". Boswell alipochapisha habari za safari ile, mwaka 1785, ilibidi aweke maelezo chini ya ukurasa, kwamba kwenye kamusi ya Johnson mwenyewe neno hili lina maana ya kununa tu, basi yeye Boswell anadhani hapa Johnson alikusudia ile nia isiyogeuka, kama ya mtu aliyenuna. Hapo ndipo unapoliona neno likiwa katikati ya kuhama, na mwenye kamusi ndiye anayelihamisha bila kujijua. Leo limeshahama zamani. Mwingereza wa sasa akilitamka hamwazii mbwa zaidi ya wewe unavyomuwazia ngamia ukipanda bodaboda kwenda Ngamiani.

Kosa la mjomba liko kwenye sarufi, na ni kosa la mtu anayejua Kiingereza, si la mjinga. Yapo maneno mawili yanayoandikwa sawasawa. La kwanza ni kitenzi, lenye maana ya kumwandama mtu au kumfuata nyuma hatoki. Hilo likiwa katika kutendwa hutamkwa kwa silabi moja, na kwa kawaida hufuatwa na "by" na kile kinachomwandama mtu. Mchezaji anaandamwa na majeraha, waziri anaandamwa na kashfa. La pili ni kivumishi, na hutamkwa kwa silabi mbili, do-gid, kama wanavyotamka "wicked", "naked" na "rugged". Mjomba aliona "was" mbele, akaona "-ed" nyuma, akahesabu kuwa ni kutendwa. Lakini kwenye sentensi yako hakuna "by" wala hakuna aliyekutenda. Kuna "in collecting", yaani katika kukusanya. Hicho ni kivumishi, na mwenye sifa hiyo ni wewe. Lishike vizuri hilo la silabi mbili. Ukiitwa kwenye usaili ukalisoma kwa silabi moja, watakuelewa, ila utakuwa umelipunguzia nguvu neno lako mwenyewe.

Linatumikaje? Chukua Mkwakwani. Coastal Union wanacheza na timu ya Dar yenye pesa mara tano yao, wamezidiwa kila kitu, lakini mabeki wanazuia, wanaanguka, wanainuka, wanazuia tena, mpaka filimbi ya mwisho bado ni sare tasa. Mwandishi wa michezo wa Kiingereza ataandika "dogged defence". Coastal hao hao siku wakishinda tano kwa bila hawezi kuliandika. Lazima pawe na ugumu, pawe na kila sababu ya kuacha, na mtu asiache. Ndiyo maana mara nyingi utalikuta na "determination", "resistance", au likimsifu mpelelezi aliyefuatilia kesi moja mpaka ikatoboka.

Jirani zake si wote ni watu wema. "Tenacious" ni ndugu yake wa karibu, limetoka kwenye Kilatini cha kushika, nalo ni sifa safi. "Persistent" halina upande, kwani daktari huliandika kwa kikohozi kisichokoma, na mwalimu huliandika kwa mwanafunzi asiyechoka kujaribu. "Relentless" lina ukali ndani yake, ni la mvua isiyokatika au adui asiyehurumia, na ukiambiwa uliwafuata wavuvi hivyo ningekuwa na wasiwasi kidogo kwa niaba ya wavuvi. "Stubborn" na "obstinate" ndizo hasa ukaidi, kushikilia jambo hata umeonyeshwa kwamba si sawa. Kamusi iliyokupa "mkaidi" ilichanganya nyumba. Iliyokupa "mvumilivu" ilikaribia, ila mvumilivu wetu anaweza kuwa amekaa tu anasubiri mbivu, na wewe hukukaa. Ningeambiwa nimtafsirie mama yako sentensi ile, ningesema: hakulegea, hakukata tamaa, aliifuata kazi mpaka ikampa njia.

Pana jambo moja ambalo si mjomba wala mama aliyeliona, nalo linanihusu mimi kulisema. "Dogged" ni sifa ya moyo na miguu. Haisemi lolote juu ya kichwa. Msomaji mwenye hila akiiona peke yake anaweza kuwaza: sawa, huyu hachoki, lakini je, ana akili ya kazi? Umesema barua haikugusa ripoti zako. Hapo ndipo pa kumrudia bosi. Neno aliloandika liache palepale. Mwombe tu aongeze sentensi moja kuhusu ripoti: ulizitengeneza mwenyewe, ulizipanga vipi, na ofisi ya mradi ilizitumia kwa kazi gani. Kwa maombi haya muda umekuwa mfupi, tuma iliyopo. Kwa maombi yajayo uwe na barua iliyokamilika. Watu wazima wasio wasemaji mara nyingi huandika lile lililowagusa, wakasahau lile walilolizoea, na ripoti nzuri inayokuja kila mwezi huzoeleka upesi.

Kumtafuta mtu mwingine akuandikie? Hapana. Huyo mwingine alikuwepo wapi ulipomwagiwa maji?

Sasa mama. Niliposoma barua yako niliona kwamba mbwa alikuudhi, lakini kilichokuuma ni lile neno "hata mzungu kauona". Miaka yote umeambiwa una kasoro, halafu ikaja karatasi yenye nembo ya ofisi ikaonekana kama imegonga muhuri. Haikugonga. Mwaka 1948 mwanafalsafa Bertrand Russell alitoa mzaha mmoja kwenye redio ya BBC, wa kunyambua tabia moja kama watoto wanavyonyambua vitenzi: mimi nina msimamo, wewe ni mkaidi, yule ni mpumbavu mwenye kichwa cha nguruwe. (Samahani, huyo ni mnyama wa pili mzito leo.) Tabia ni ileile, jina linabadilika kwa kadiri ilivyomfaa au kumkera anayelitaja. Ulipong'ang'ania jambo nyumbani, ulikuwa mbishi. Ulipowang'ang'ania wavuvi mradi ukapata takwimu, ukawa "dogged". Sitaki kukupamba, maana pengine nyumbani kweli kuna siku umebisha pasipo na haja, na hizo unazijua mwenyewe. Ila neno la ndoa liweke pembeni. Nimewaona wanaume wa Tanga waliooa wanawake wasiojua kuacha jambo, na nyumba zao ndizo zenye paa la bati jipya.

Kwa mjomba usiende na kamusi mkononi, wala usiende mbele ya watu. Nenda jioni, peke yako, umuamkie, ukae. Mwambie: "Mjomba, ulivyosema ni kweli, neno limetoka kwa mbwa, nimeambiwa Waingereza wenyewe zamani walilitumia vibaya." Hiyo ni haki yake, mpe kwanza. Halafu mwombe akusomee sentensi tena, umuulize kama "by" ipo. Karani wa bandari wa zamani aliishi kwa nyaraka, na mizigo ya watu ilipita au haikupita kwa sababu ya neno moja dogo kwenye fomu. Ataiona mwenyewe, na akiiona mwenyewe atamweleza mama yako vizuri kuliko utakavyomweleza wewe. Asipoiona, usishindane naye. Si yeye anayeajiri.

Akisema bado kwamba mbwa ni mbwa na najisi ni najisi, mkumbushe kwa adabu Suratul Kahf ambayo bila shaka anaisoma kila Ijumaa. Vijana wale walipolala pangoni, mbwa wao alinyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na Qurani ikamtaja pamoja nao. Hukumu ya kutawadha na kuosha vyombo haiguswi na hilo, hakuna anayemwambia amfuge. Ni kwamba hata kwetu yuko mbwa mmoja anayetajwa kwa kukaa na wenzake asiondoke. Nadhani atapenda.

Kuhusu usaili, jambo moja la matumizi. Neno hili husemwa na wengine juu yako. Usiliandike kwenye wasifu wako kwamba "I am dogged", litasikika kama mtu anayejipiga kifua. Wakikuuliza bosi wako alikuwa na maana gani, usitoe maana ya kamusi. Wasimulie habari ya maji ya samaki na habari ya kolekole, kwa ufupi, bila kumlaumu mvuvi. Waeleze na kile ulichojifunza pale, kutanguliza salamu na kuchelewesha daftari. Hapo sasa wataona na kichwa, si miguu tu, na pengo la barua litakuwa umeliziba kwa mdomo wako.

Kisha bosi. Mjibu leo, usingoje mpaka uandike Kiingereza cha kupendeza. Asante, barua nimeipata, nimeituma, nikiitwa nitakujulisha. Na kama utapata nafasi, naomba sentensi moja kuhusu ripoti kwa ajili ya maombi mengine. Ya mbwa usimwambie sasa, asije akajuta bure kuandika neno zuri. Akiuliza kwa nini ulikawia kujibu, mwambie kulikuwa na mambo ya nyumbani. Si uongo.